Siku ya Tano ya Kwamtindi

Sogeeni, na anayetafuna muwa auweke chini kwanza, maana hii si hadithi ya kuchekea. Huko Kwamtindi waliishi watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Mejumaa, mjane, alijaliwa subira ya kuhesabu. Hatibu, seremala, alijaliwa akili ya kupanga. Shekuwe, mpiga mbiu wa mji, alijaliwa pumzi: akiipuliza ile pembe, mji mzima unasimama.

Mji huo ulikuwa na kalenda yake, na kalenda hiyo ndiyo iliyowamaliza. Mwaka wao ulifuata mwezi mwandamo, siku mia tatu hamsini na nne. Siku ya kupanda ilikuwa moja tu, nayo ilijulikana kwa mbiu. Mbiu ikilia, unapanda. Usipopanda, unanyang'anywa shamba. Ukipanda kabla haijalia, vilevile. Sasa mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kumi na moja, kwa hiyo kila mwaka mbiu ililia mapema zaidi, mpaka watu wakawa wanapanda kiangazi, na mbegu zinaliwa na kanga na mchwa. Kila mwenye macho aliona. Lakini nani aseme? Kalenda ilitungwa na babu yake Jumbe, mtawala wa mji.

Mwaka mmoja Mejumaa alipanda siku aliyoamriwa, kwenye vumbi. Mvua zilipokuja hakuwa na mbegu tena. Mwanawe Siwema, wa miaka minne, alikufa kwa njaa huku nje kunanyesha. Jumbe akatangaza kwamba waliokosa mavuno mwaka ule ni wavivu. Mejumaa aliletewa habari hiyo akiwa bado matangani, na chuki iliyomwingia siku ile haikumtoka tena.

Arobaini ilipokwisha alianza kuhesabu. Alingoja mpaka jua likachomoza juu ya jabali la mwisho upande wa kusini, pale linapogeukia, akatia kokoto la kwanza mtungini. Kila alfajiri kokoto moja. Siku za homa alitambaa. Watoto wa jirani walimwimbia kumdhihaki, naye akawaacha waimbe. Alifanya hivyo miaka sita, na kila jua liliporudi juu ya jabali lile, makokoto yalikuwa mia tatu sitini na matano, akayamwaga akaanza upya. Bila yeye hakuna ambaye angejua mwaka una urefu gani.

Akaubeba mtungi wenye makokoto ya mwaka wa mwisho mpaka kwa Hatibu. Hatibu aliyamwaga makokoto sakafuni, akayapanga makumi makumi, yakatoka makumi thelathini na sita, yakabaki matano. Basi akachonga ubao wa mistari thelathini na sita, kila mstari matundu kumi, na chini yake matundu matano ya peke yake; tundu la siku mvua zinapoanza, alivyoonyeshwa na Mejumaa, akalitia alama. Ukihamisha kijiti kila siku, hata kama hujui kusoma unaona leo ni lini na mvua iko mbali kiasi gani. Ubao huo ulimchukua mwaka mzima. Milango ya watu ilibaki bila kumalizwa, na mkewe, aliyechoka kuitwa mke wa mwendawazimu, alichukua watoto akarudi kwao. Bila Hatibu yale yangebaki makokoto tu.

Ubao ukapelekwa kwa Shekuwe. Ilipofika siku ya kupanda, jua kali, Jumbe kakaa barazani na watu wamejaa, Shekuwe aliiweka pembe miguuni pake.

"Jumbe wangu, mbiu siipigi," alisema. "Siku hii si ya kupanda. Kuna kalenda nyingine, na naomba tuifuate hiyo."

Watu wa Jumbe walimvunja meno yote ya mbele, na mdomo wake haukuweza tena kuipuliza pembe. Lakini mbiu haikulia, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa na pumzi ya kuipiga, na sheria ilisema bila mbiu hapandi mtu. Watu wakarudi nyumbani na mbegu zao. Siku iliyoonyeshwa na ubao walipanda wote kwa pamoja bila mbiu, na Jumbe hakuweza kuunyang'anya mji mzima mashamba; mvua ikanyesha, wakavuna. Bila Shekuwe ubao ungeoza karakanani.

Baada ya mavuno Jumbe alitoka akasema kalenda mpya alioteshwa yeye. Ndiyo, yeye! Zile siku tano zilizobaki nje ya makumi akaamua ziwe sikukuu. Ya kwanza ya kuzaliwa kwake, ya pili ya kutawazwa kwake, ya tatu ya mama yake, ya nne ya punda wake mweupe. Watu waliponung'unika akasema ya tano atapewa mmoja katika wale watatu, na jina atakalolitaja litatamkwa na mji mzima kila mwaka. Wale watatu wasipokubaliana kabla baraza halijavunjika, siku inakwenda kwa mtoto wa punda.

Hatibu aliitaka iwe ya jina lake, ili wanawe huko waliko wasikie kwamba baba yao hakuwa na wazimu. Mejumaa aliitaka iwe ya Siwema, na ya Siwema tu. Shekuwe aliitaka iwe siku ya kusimama mbele ya mji na kuomba radhi.

"Mwaka ule nilijua," alimwambia Mejumaa, maneno yakimponyoka kwenye pengo. "Niliona vumbi, nikapuliza. Dada yangu, na mimi nilikuwa na wanangu wa kuwahofia."

 Mejumaa alimchukia, na aliyachukia zaidi yale meno yaliyovunjika, kwa kuwa yalimnyima haki ya kumchukia vizuri.

"Kwa hiyo kila mwaka nije nikutazame ukilia?" alimwuliza. "Mwanangu awe kisa cha toba yako?"

 Hatibu aliinamisha kichwa. Jumbe alipiga miayo, akawageukia watu wa baraza, akasema wao ndio waamue, upesi.

Haya. Ukimwondoa mmoja wao, mji ungali unapanda vumbini. Na siku ni moja. Msinijibu harakaharaka kwa kumwonea mama huruma, maana watu wale wa baraza nao waliona vumbi miaka yote, wakapanda, wakanyamaza, na walipoambiwa Mejumaa ni mvivu hawakubisha. Je, wewe uliyekaa hapo miongoni mwao, siku hiyo ungempa nani, na una haki gani ya kuigawa?