Mzaha wa Nuaimu Muoka Mikate

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye ukweli wa kila habari, kwamba katika mji mmoja kando ya Mto Furati aliishi muoka mikate jina lake Nuaimu. Enzi hizo kila nyumba ilikanda unga wake yenyewe, lakini tanuri lilikuwa moja tu kwa mtaa mzima. Baada ya sala ya alfajiri watu walibeba madonge yao kwenye sinia, wakayafunika kwa kitambaa, wakaketi tanurini kungoja zamu. Kungoja kulikuwa kurefu, na Nuaimu ndiye aliyekufanya kuwe kufupi.

Alijaliwa kipaji cha kuigiza watu. Akipiga hatua chache, ukamjua kadhi aliyechelewa barazani. Akikohoa, ukamjua mpiga adhana. Wala hakuwa mtu wa upuuzi. Alikuwa mcha Mungu, mwaminifu katika kazi yake, na hakuna aliyewahi kurudishiwa mkate mdogo kuliko donge alilopeleka. Wengi walifika pale na huzuni zao wakaondoka wamepata nafuu, na kwa hilo naamini ameandikiwa thawabu.

Miongoni mwa waliokuja tanurini alikuwa mzee Dhuaibu, msusi wa mikeka. Mkewe, Bi Rababu, alikuwa amepofuka, kwa hiyo mzee alikanda mwenyewe na kubeba mwenyewe. Mwendo wake ulikuwa wa ajabu kidogo: aliburuta viatu, kisha akainua goti juu kama anayevuka dimbwi, hata njia ikiwa kavu. Na mkono wake wa kulia ulikuwa ukitetemeka, hata kitambaa juu ya sinia kikawa kinachezacheza.

Asubuhi moja Nuaimu alitwaa sinia tupu, akatandaza kitambaa juu yake, akaanza kuburuta viatu na kuinua goti. Watu wakacheka. Kisha akautikisa mkono. Kitambaa kikarukaruka, akafanya kana kwamba donge linaanguka, akalidaka kwa mkono wa pili, na huo nao ukatetemeka vilevile. Watu wakashika mbavu. Hata Sheikh Hazimu, imamu wa msikiti wa mtaa, aliyekuwa ameegemea ukuta akingoja mikate yake, alicheka mpaka akajifuta machozi. Hakuna aliyetazama kona ya njia. Mzee Dhuaibu alikuwa amesimama pale, na sinia lake mkononi. Aligeuka, akarudi nyumbani na unga wake mbichi.

Tangu hapo hakuonekana tena tanurini. Sheikh Hazimu akadhani mzee ni mgonjwa, akaenda kumjulia hali. Akaandaliwa mkate ulioungua nje na kubaki mbichi ndani, una majivu.

"Utuwie radhi, Sheikh wetu," alisema Bi Rababu. "Mume wangu siku hizi anaoka kwenye majivu ya jikoni. Nikimuuliza kulikoni, ananiambia tanuri limekuwa mbali. Mimi sioni, Sheikh, lakini najua tanuri halijahama."

Mzee Dhuaibu aliketi kando yake. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefichwa chini ya shuka. Sheikh akautazama ulipofichwa, akaelewa, akakumbuka machozi yake ya kicheko.

Akaenda moja kwa moja tanurini, akamweleza Nuaimu alichokula na alichokiona.

"Wallahi sikumtaja jina," Nuaimu akasema.

Kudama, muuza vitambaa, mtu mnene mwenye maneno, akadakia: "Jamani, mzaha ni mzaha! Aliyenuna na anywe maji. Mimi hapa kila Ijumaa ananiigiza na tumbo langu hili, mbona bado nakula?"

Mwingine akasema kicheko chote ni haramu, na Nuaimu afungwe mdomo.

"Kama ni haramu," alisema Sheikh, "basi nianze mimi kutubia, maana siku ile nilicheka kuliko nyote."

Nuaimu akasema, "Sheikh, Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitania na hakusema ila kweli. Nami nimesema uongo gani? Mkono wa mzee si unatetemeka?"

"Unatetemeka. Hilo ni kweli. Lakini kweli hiyo ni ya nani, Nuaimu? Ni yako au ni yake?"

Nuaimu akaligeukia tanuri lake. Alichagua mikate mizuri, akaifunga kitambaani, akatoka. Kudama akamfuata, akamnong'oneza: "Mwambie ulikuwa unamwigiza marehemu Asimu mchonga milango. Naye alikuwa akitetemeka, na maiti hanuni. Mzee atatulia moyo, nawe utakuwa umemfariji." Nuaimu akaona ushauri ule ni mwepesi, na ndani yake mna huruma pia. Akatembea nao njia nzima.

Mzee Dhuaibu alifungua mlango. Mikate hakuipokea.

"Nikuulize jambo moja, mwanangu. Yule wa siku ile, alikuwa mimi?"

Jina la marehemu lilikuwa tayari ulimini mwa Nuaimu. Akalimeza.

"Alikuwa wewe, ami. Na nilijizoeza kabla ya kuwaonyesha."

Mzee akasogea kando ya mlango. "Basi ingia, unionyeshe na mimi."

"Usinitie aibuni, ami."

"Mbele ya watu uliweza. Mbele yangu unashindwa na nini?"

Nuaimu akaingia. Mzee akaketi, mkono wake chini ya shuka, naye Nuaimu akatwaa sinia la mzee na kitambaa chake, akaanza kuburuta viatu na kuinua goti. Bi Rababu, aliyekuwa ameketi pembeni, akainua uso.

"Baba Hilali, unakwenda wapi tena?"

"Mimi nimekaa, mama. Huyo ni Nuaimu wa tanurini."

Bi Rababu akapiga makofi, akacheka kicheko ambacho nyumba ile ilikuwa imekisahau. "Subhanallah! Na goti je, analiinua? Tangu siku ya harusi yetu nauliza, mwanamume huyu anavuka mto gani?"

Mzee akatabasamu, kisha naye akashindwa kujizuia, akacheka. Lakini kitambaa juu ya sinia kilikuwa kimetulia tuli.

"Mbona mkono umelala?" akauliza.

"Umekataa, ami."

Mzee akautoa mkono wake chini ya shuka, akauacha utetemeke mbele yao. "Mwendo nilizaliwa nao. Baba yangu alikuwa nao. Watu walimcheka, naye akacheka nao. Mkono huu ulianza siku niliyomlaza mwanetu Hilali kaburini. Basi nisikilize. Mwendo nimekupa, uchezee hata nikiwapo. Mkono sikukupa."

Nuaimu akalia, akaomba radhi, akapewa.

Kesho yake mzee alirudi tanurini. Watu wakanyamaza, kila mmoja anatazama chini. Mzee akaketi, akasema, "Mmefiwa? Nuaimu, hebu waonyeshe mzee anavyovuka mto." Nuaimu akainua goti, mkono wa kulia ameuficha ndani ya kanzu, na wa kwanza kucheka alikuwa mzee Dhuaibu. Inasemekana aliuficha hivyo kila alipouigiza mwendo ule, hata miaka mingi baada ya mzee kufariki, wakati waliomtazama hawakujua tena sababu.

Ndugu zangu, mimi siwezi kuwawekea watu wote mpaka mmoja wa mzaha. Kinachomchekesha huyu kinamchoma yule, na pengine ni mtu yuleyule, goti lake na mkono wake. Ninachokiona ni kwamba Nuaimu aliupata mpaka wake mlangoni kwa mwenyewe, baada ya kusema kweli. Mwenyezi Mungu atujaalie furaha isiyomfanya jirani aoke mkate wake kwenye majivu.