Kinu cha Bi Zamoyoni

Asiyetoa salamu huizunguka nafasi yake.

Mmecheka nilipoisema, nanyi mmelizunguka soko hili mpaka gari limeanza kunuka. Haya, simameni kidogo hapa kivulini niwape chanzo chake. Methali hii ilianza siku bibi yenu Tatu alipoolewa.

Baba yake, Kondo, alikuwa mtu wa Kisarawe, na akiwa kwa miguu hakuwa na mshindani kwa salamu. Akitumwa chumvi, mchuzi ulikuwa unaiva bila chumvi, maana kila mlango alisimama kuuliza habari za watoto, za mguu, za mbuzi aliyepotea. Siku ya harusi shemeji yake akamwazima gari jeusi lenye kiyoyozi, aende Kariakoo kumchukua Bi Zamoyoni.

Bi Zamoyoni alikuwa somo wa Tatu, yaani mwanamke aliyemfunda. Kwa desturi yao bibi harusi hatoki ndani mpaka somo wake amshike mkono, hata kama ndoa imeshafungwa na wakwe wamesimama mlangoni. Na bibi yule magoti yake yalikuwa yamechoka. Alihitaji gari mlangoni kwake, si mtaa wa pili.

"Ukifika fungua kioo uulize watu," mkewe alimwambia.

Lakini Kondo alikwisha kusimuliwa kwamba mjini ukifungua kioo unaingiziwa soksi, karanga, na kijana wa kukuuzia nafasi isiyo yake. Akapandisha vioo vyote, akaenda zake.

Mtaa ulikuwa umejaa magari. Palibaki nafasi moja tu, mbele ya nyumba ya Bi Zamoyoni penyewe, na hapo pamewekwa kinu kimefudikizwa. Barazani wanawake walikuwa wakichagua mchele. Kondo akajua kinu hicho kina mwenyewe, na cha mtu hakiguswi. Akapita. Aliporudi akapunguza mwendo, na mwanamke mmoja akainuka barazani, akaja kukikalia kile kinu. Aliporudi tena, yule mwanamke akamtolea macho kama kuku mwenye vifaranga. Moyo ukamuuma Kondo. Akaona watu wa mji wana roho ngumu, hata siku ya harusi ya mtoto wa mtu.

Mwishowe akaliacha gari mbali, kwenye uwanja uliozungushiwa mabati, akalipa alichoambiwa bila kubishana. Akarudi kwa miguu juani, kanzu imemganda mgongoni. Na kwa kuwa sasa alikuwa anatembea, salamu zikamrudia zenyewe.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba, baba. Karibu," akajibu yule wa kwenye kinu, jina lake Bi Nuru.

Sauti ya Bi Zamoyoni ikatoka ndani. "Huyo ni Kondo? Mbona umechelewa hivyo, mwanangu?"

"Nimekosa pa kuweka gari, mama."

"Umekosaje, na mimi nimekuwekea kinu tangu alfajiri?"

Kondo akamtazama Bi Nuru. Bi Nuru akakitazama kinu.

"Kumbe lile gari jeusi ni lako?" akasema. "Sisi tulidhani dalali, amekuja kuipimia nyumba macho. Linapita, linanyata, linapita tena, wala halisemi neno. Nikasema nikikalie, hapa ni pa Kondo, hapati mtu."

Kondo alitaka kucheka, lakini akamkumbuka binti yake aliyefungiwa chumbani na udi umeshamwishia. Machozi yakamlenga.

"Mama, Tatu anatungoja."

"Basi kalete gari," akasema Bi Zamoyoni. "Na safari hii lije na mdomo."

Likaja na mdomo. Kondo alishusha vioo vyote, akawasalimu watu tangu pembeni mwa mtaa, hata wauza soksi. Bi Nuru akakibingirisha kinu pembeni, wakampakia bibi taratibu.

Walipofika Kisarawe alasiri ilikuwa imekwisha pita. Shangazi zangu walishaanza kukunja kanga, wakisema tumedharauliwa, turudi kwetu. Bwana harusi nilikuwa mimi, kwa hiyo jua lile nalijua. Bi Zamoyoni akaingia ndani bila haraka. Alipotoka amemshika Tatu mkono, mkwe wangu alikuwa ameliegemea lile gari, kanzu imelowa, analia mbele ya watu wala hajifuti. Nilimpenda tangu siku hiyo.

Shangazi mmoja akauliza kwa ukali kilichowachelewesha. Bi Zamoyoni akamjibu, "Asiyetoa salamu huizunguka nafasi yake." Kisha akaeleza kisa cha kinu, na aliyecheka kuliko wote alikuwa Kondo mwenyewe.

Sasa wewe uliyeshika usukani, yule mama wa mchicha ametutazama tangu tuanze kuzunguka, na ndoo yake iko penye nafasi. Huenda anamwekea mtu, huenda hapana. Shusha kioo, mjukuu wangu, uanze na shikamoo. Asiyetoa salamu huizunguka nafasi yake.