Kifungo Cheupe cha Shujaa Asiyeonekana

Wapendwa, haki ya Mungu tena! Nikidanganya hata neno moja, hiki kipaza sauti kizimike mkononi mwangu sasa hivi. Mnasikia? Kinaongea. Basi tulieni.

Huko juu, kulipita jua, kuzipita nyota zote mnazozijua, kuna nyota nyekundu. Na hapo kulikuwa na kikosi cha mashujaa wasioonekana. Nasema wasioonekana! Mavazi yao yalishika rangi ya kila kitu: akisimama ukutani ni ukuta, akilala mchangani ni mchanga. Elfu tisini wangepita sebuleni kwako, na chai isingetikisika kikombeni.

Walikuwa na mila zao. Ukishavaa vazi, mdomo umefungwa. Anayeufungua anapelekwa jikoni kumenya viazi miaka saba! Ila anayekwenda kumtafuta ndugu aliyepotea, huyo anavua vazi, anatoka wazi, anaita. Na kwenye kila vazi, hapa kisogoni, kilishonwa kifungo kimoja cheupe, kidogo kama punje ya mchele. Adui hakioni. Mwenzako wa kikosi, anayejua pa kutazama, anakiona.

Sasa kulikuwa na shujaa mmoja, hodari kuwapita wote. Huyo aliwahi kuingia kambi ya adui mchana kweupe, majua matatu yanawaka, akala nyama kwenye sahani ya jemadari, akajifutia mdomo kwenye joho la jemadari, akatoka zake. Lakini kile kifungo kilimkera. Akasema moyoni, "Mtu kama mimi nionekane? Na nani?" Akakinyofoa, akakitupa.

Safari iliyofuata, anarudi peke yake kwenye mawe, mguu ukatumbukia kwenye ufa. Mfupa ukalia ka! Akakwama mpaka kiunoni. Na kule hewa ya kuvuta wanaibeba mgongoni kwenye mtungi. Mtungi wake umepasuka. Ssss… ssss… hewa inakwenda.

Wenzake wakavua mavazi, wakatoka kumtafuta. Wakaita, wakazunguka. Mmoja wao, rafiki yake aliyekula naye kiapo siku moja, akafika palepale, akamkanyaga vidole. Na buti la chuma! Yule hodari akauma meno. Kimya.

"Hapa hayupo," rafiki akawaambia wengine. "Angekuwepo ningeona kifungo."

Wakaanza kuondoka.

Yeye kule ufani anahesabu pumzi. Anawaza viazi. Anawaza watakavyomcheka: yule bingwa, ametumbukia kama mbuzi! Mgongo wa rafiki yake unazidi kuwa mdogo. Wewe mama uliyekaa hapo mbele, ungenyamaza? Usijibu haraka.

Zilipobaki pumzi kumi, akapasua sauti. "Nipo hapa! Jamani, nakufa!"

Rafiki akarudi mbio, akapapasa hewani mpaka akashika kichwa. Akamvuta, akampa mpira wa mtungi wake avute. Halafu akamgeukia kwa ukali.

"Ndugu yangu, nimekukanyaga vidole ukanyamaza?"

"Si sheria yetu?"

"Sheria ya kunyamaza ni ya adui. Mimi nimekuwa adui yako lini?"

Wakambeba mpaka kwa mkuu wa kikosi, na yule hodari tayari ananusa viazi. Mkuu hakumfokea. Alimgeuzia mgongo, akainamisha kichwa. Wapendwa! Kisogoni vifungo vyeupe vimejaa kama punje kwenye gunzi la mahindi.

"Unadhani hivi ni vyeo?" mkuu akamuuliza. "Kila kimoja ni shimo nililotolewa na wenzangu. Hiki cha mwisho nimekishona juzi. Shika sindano, mwanangu. Shona kipya badala ya kile ulichokinyofoa, halafu shona na cha leo."

Na sisi je? Tunaulizwa hapo mlangoni, "Mama, mnaendeleaje nyumbani?" "Tunamshukuru Mungu!" Na wiki ya tatu hii hamsemeshani na baba watoto. "Mzee, afya?" "Njema kabisa!" Na kidonda kinaoza ndani ya soksi. Kifungo tumekinyofoa wenyewe, halafu tunanung'unika kwamba kanisa halituoni! Tunamficha nani? Shetani anatujua mpaka namba ya kiatu. Tunaofichana ni sisi kwa sisi, na hewa inakwisha.

Leo ukiulizwa, sema. Usingoje pumzi kumi. Na wewe unayeuliza, usiondoke na jibu la kwanza. Simama hapo, uliza tena. Geuka sasa umuulize jirani yako. Na kama kiti cha pembeni unakiona kitupu, kipapase kwanza.

Ila habari hii iishie humu humu, nawaomba sana, asiirudie mtu. Wale jamaa hawapendi kutajwa, na huyu mmoja aliyesimama hapa nyuma yangu amekuja bila ruhusa.