Mivukuto Pacha ya Kirumbe

Mpo? Tupo! Mnasikia? Tunasikia! Basi tuyafuate ya kale hadi kwao.

Zamani, wajukuu zangu, zamani sana, jembe halikununuliwa dukani. Lilizaliwa motoni. Kulipokucha, milima yote ililia ngo! ngo! ngo! Mimi nilisimuliwa tu, lakini mlio ule nautamani hadi leo.

Alikuwako mhunzi, Kirumbe, na bintiye Namkunda, mama wa mapacha wachanga. Kirumbe alikuwa na mivukuto miwili, ile mifuko ya ngozi ya kupulizia moto. Aliiita mapacha. Na kwa kuwa mapacha hawatengwi, aliikandamiza pamoja, ikajaa pamoja. Fuu! moto ukawaka. Kimya, ukafifia. Fuu! ukawaka. Kimya, ukafifia. Kutwa nzima, jembe moja.

Mwaka mmoja, mvua zikikaribia, wakulima walichoka kungoja. Wakavuka mlima kufuata majembe ya ugenini. Namkunda akamwona baba yake ameketi, nyundo mapajani, hana wa kumfulia jembe. Tanuri la ukoo lingezimika! Akabeba wanawe, mmoja mgongoni, mmoja kifuani, naye akavuka mlima. Siku tatu akawatazama wahunzi wa kule. Akarudi.

"Baba, wenzetu mivukuto yao hupokezana. Huu ukipuliza, ule unajaa. Moto haukatiki pumzi."

"Ala! Unataka kuniulia mapacha? Umekwenda kwa watu, umeniletea uchuro!"

"Basi njoo uwatazame wajukuu zako."

Walikuwa wamelala mkekani. Kirumbe akainama. Tumbo la huyu likipanda, la yule linashuka. Panda, shuka. Panda, shuka. Mzee akaduwaa hata nzi akamtua puani, asimfukuze. Mnacheka? Namkunda naye aliuma mdomo.

"Kumbe hupokezana," Kirumbe akanong'ona, "na bado ni mapacha."

Akaenda kupuliza kwa zamu. Fuu-fuu! Fuu-fuu! Moto haukufifia. Kabla jua halijainama, majembe matatu! Jirani mmoja, aliyeujua uhunzi nusunusu, akaiga. Chuma chake kikaungua. Moto mkali unataka jicho linalosoma rangi ya chuma, na jicho hilo Kirumbe alikuwa nalo tangu ujana.

Mvua ya kwanza iliwakuta wakulima mlangoni pake, wakisukumana.

Elimu ya ugenini ni mbegu, wanangu. Ifuateni mbali, lakini huota kwenye shamba lililolimwa.

Kisa kimekula, kimeshiba, kinaaga. Anayekipenda akisindikize.