Bi Sange na Bweni la Utulivu

Hadithi, hadithi!

— Hadithi njoo!

Ije na asali?

— Ije na asali!

Asali imekwisha. Wazazi waliipeleka yote kwa Mwalimu Mkuu. Ya leo ina pilipili. Mnaitaka?

— Tunaitaka, hivyo hivyo na pilipili yake!

Basi kaeni. Au simameni. Leo sijali.

Hapo zamani wanyama wa msitu mmoja walijenga shule. Walipomaliza kuezeka wakatafuta mwalimu mkuu, na kwa akili walizojaliwa wakamchagua Fisi. Msiniulize kwa nini. Alikuwa na sauti nene, alikuwa na tumbo la kikubwa, na siku ya kuchaguliwa alisimama mbele yao akasema neno moja tu: "Utulivu." Wazazi wakapiga makofi, pwa pwa pwa! Mtu akisema neno moja kwa sauti nene, wapo wanaodhani ameyameza mengine yote.

Utulivu wa Fisi ulikuwa hivi. Watoto wanakaa juu ya magogo yenye magome makavu, mikia chini, macho mbele, mpaka kengele ilie. Anayejitikisa anaambiwa, "Jikaze!" Anayeuliza swali anaambiwa, "Jikaze!" Asiyeweza kujikaza anapelekwa nyuma ya shule, kwenye kibanda cha udongo kisicho na dirisha, kinachoitwa Bweni la Utulivu. Humo Mwalimu Mkuu anamtibu mwenyewe, mlango umefungwa.

Wa kwanza kuingia alikuwa mtoto wa Kanga. Huyo alikuwa akirudia kila analoambiwa. Ukimwambia "Njoo," anasema, "Njoo, njoo." Ukimwambia "Kaa," anasema, "Kaa, kaa." Ndivyo alivyoyashika maneno, na akishayashika hayamtoki. Fisi akamwingiza bwenini. Jioni Mama Kanga akaja kumuulizia mwanawe.

"Ametulia," Fisi akasema, huku akijilamba midomo. "Harudii tena neno lolote. Usije ukamsumbua."

Mama Kanga akashukuru kwa magoti. Asubuhi yake akamletea Fisi kibuyu cha asali.

Wa pili alikuwa mtoto wa Kakakuona. Huyo kengele ikilia, ngaa! ngaa!, anajikunja anakuwa mpira. Haukuwa ukaidi. Makelele yalimchoma masikio kama mwiba, na kujikunja ndiyo nyumba aliyotembea nayo. Fisi akamwingiza bwenini. Mama yake alipokuja kuuliza, alimkuta Mwalimu Mkuu amevimba shavu.

"Huyo wako bado," Fisi akanguruma. "Mgumu sana."

Ukweli ni kwamba alikuwa amevunjika jino.

Sasa hapo ndipo anapoingia Bi Sange. Sange mnamjua? Mnyama mdogo, ungesema ni panya, isipokuwa ana pua ndefu isiyoacha kucheza. Kazi yake ni kufagia vijia vyake chini ya majani makavu na kukimbia ndani yake, fyuu huku, fyuu kule. Bi Sange alikuwa na mtoto mmoja mkubwa aitwaye Tamimu, na vitoto vidogo viwili vilivyokuwa bado vinanyonya. Tamimu ndilo jina alilompa mama yake. Shuleni walimwita Machachari.

Tamimu alikaa kwenye gogo kidogo tu, akaanza: mguu huu, mguu ule, pua juu, pua chini, mara kashuka, mara kapanda. "Jikaze!" Akajikaza, akatoka jasho, akashuka tena. Siku hiyo alirudi nyumbani analia.

Bi Sange akamketisha, kisha akakumbuka, akamwacha asimame. Akamuuliza, "Mwanangu, unapokaa pale unasikiaje?"

"Mwili mzima unawasha, mama. Lile gome linaniwasha, na kukaa kwenyewe kunaniwasha. Maneno ya mwalimu siyasikii, nasikia kuwashwa tu. Nikikimbia, kunaisha."

"Ulimwambia mwalimu?"

"Alisema nijikaze."

Bi Sange moyo ulimuuma, kwa sababu msitu mzima ulikuwa umemsema mtoto huyu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amemuuliza. Hata yeye mama mtu hakuwa amemuuliza, na hilo lilimuuma zaidi.

Tangu jioni ile akamfundisha njiani. Yeye anasimama mwanzo wa kijia anataja neno, mtoto anakimbia mpaka mwisho, fyuu!, anarudi nalo. Jina la mti, fyuu! Hesabu ya kujumlisha, fyuu! Mtoto akashika yote, na bado akawa anadai jingine.

Majirani walipoona hivyo, roho zao hazikutulia. Mama Kobe akajivuta mpaka kwenye ua, akatoa shingo.

"Mwenzangu, huyo umemdekeza. Samaki mkunje angali mbichi."

"Mwanangu si samaki, Mama Kobe."

"Mwone wangu basi! Anavyotulia!"

Kweli mtoto wa Kobe alitulia. Tangu shule ifunguliwe hakuwahi kutoa kichwa nje ya gamba, na wala hakujua kama mwalimu ni Fisi au ni Bundi. Ndiye aliyekuwa mwanafunzi bora.

Haukupita muda, Fisi akatangaza mkutano wa wazazi siku ya Ijumaa. Mkaguzi wa shule, Bwana Chui, atakuwepo. Na mbele ya macho ya watu wote, Machachari ataingizwa bwenini ili wazazi waone jinsi shule yao inavyofanya kazi.

Bi Sange alisikia tangazo hilo. Akazunguka nyuma ya shule, akapitisha pua chini ya mlango wa bweni. Nusa, nusa. Pua ya Sange haidanganywi. Ikatoka na unyoya mmoja mweusi wenye madoa meupe. Kisha akasikia sauti ndogo ndani:

"Shangazi, nifungulie. Nimejikunja mpaka mgongo unauma."

Mlango ulikuwa wa gogo zito. Bi Sange akasukuma, akaguguna, wapi! Akakimbia na ule unyoya mpaka kwa Mama Kanga.

Mama Kanga akautazama. Akautazama sana. Kisha akageuka akaendelea kupepeta mtama wake.

"Mwalimu kasema ametulia," akasema. "Wewe una wivu, kwa kuwa wako ameshindikana."

Lakini mtama ulikuwa unamwagika wote chini.

Basi Bi Sange akaona: mlango huu hataufungua mwenye nguvu, ataufungua mwenye tamaa. Akajifunga kibwebwe, akaenda kwa Fisi mchana kweupe.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu."

"Marahaba. Umekuja kulia?"

"Nimekuja kukuomba radhi. Mwanangu hajui kutulia, na kosa si lake. Katika ukoo wetu wote hajawahi kumwona mtu mzima aliyetulia. Laiti ungekaa wewe mbele yake siku ya Ijumaa, tuli, mpaka kengele ilie, akajionea! Hapo nitamwingiza bwenini kwa mikono yangu. Na wadogo zake nitakuletea, maana nao wameshaanza kuchezacheza."

Fisi akameza mate. Chururu! mengine yakadondoka.

"Wadogo zake nao? Wanene?"

"Wananyonya, Mwalimu. Laini."

"Heh-heh-hii! Nitakaa! Nani wa kunishinda mimi kukaa?"

"Na kwa kuwa mkubwa hakalii gogo tupu, nitakushonea mto."

"Mto wa mkubwa!" Fisi akasema. "Mkubwa kabisa!"

Mpumbavu ukimpa kiti, haulizi kimetoka wapi.

Bi Sange akaenda porini kulikoota upupu. Upupu mnaujua, na asiyeujua amshukuru Mungu wake. Akajifunga majani ya mgomba mikononi, akasimama upande unaotoka upepo, akakung'uta vile vinywele viwashavyo vya maganda yake, taratibu, taratibu. Akashona mto wa nyasi laini, mnene, wa kupendeza. Juu yake akanyunyiza. Fisi naye, mnajua, huko nyuma manyoya yake ni haba.

Ijumaa ikafika. Wazazi wakajaa uwanjani. Bwana Chui akakaa mbele, kimya, mkia wake tu ukizunguka. Fisi akatokea kifua mbele, na Bi Sange akamtandikia mto.

"Kabla hujakaa, Mwalimu," akasema kwa adabu, "watangazie wazazi sheria ya shule, maana wengine wamesahau."

"Asiyetulia mpaka kengele ilie, anaingia bwenini!"

"Mdogo tu, au na mkubwa?"

"Mdogo kwa mkubwa!" Fisi akanguruma, na wazazi wakapiga makofi, pwa pwa pwa!

Akakaa. Pu!

Mwanzo akatulia kweli. Macho mbele, mkia chini. Mama Kobe akanong'ona, "Mnaona? Malezi hayo!"

Kisha mdomo ukamcheza upande mmoja. Kisha sikio. Kisha paja. Kwaru. Akasogea kidogo. Kwaru, kwaru. Akasogea tena. Jasho likamtoka puani. Kwaru-kwaru-kwaru! Akaruka juu, akatua, akajiburuza makalio mchangani, akazunguka uwanja mzima kama kishada kilichokatika uzi.

"Nawashwa!" akalia. "Nawashwa, jamani!"

Bi Sange akasimama mbele yake. Mdogo, huyo, hafiki hata goti la Fisi.

"Mwanangu alikwambia neno hilo hilo. Ulimjibu nini?"

Fisi alikuwa anajikuna tu. Waliojibu ni watoto, wote kwa pamoja, kutoka kwenye magogo yao:

"Jikaze!"

"Siwezi!" Fisi akapiga kelele. "Hiki si kitu cha kujikaza!"

"Ahaa," Bi Sange akasema. "Kumbe. Wazazi, sheria ilisemaje?"

Wazazi hao walikuwa hodari wa sheria, maana sheria haitaki kufikiri. Wakapaza sauti, "Asiyetulia aingie bwenini!" Nyati akamkamata huku, Nguruwe akamsukuma kule, wakamkokota mpaka nyuma ya shule. Nyati akalivuta lile gogo la mlango, kriii!

Kwanza ukatoka mpira, bingiri bingiri, ukasimama miguuni pa Mama Kakakuona, ukajikunjua ukawa mtoto. Mama yake akamkumbatia, wakalia wote wawili. Halafu upepo ukaingia ndani na kutoka, nao ukatoka na manyoya. Meusi, yenye madoa meupe. Yakaruka juu ya vichwa vya wazazi, yakaanguka polepole, na hakuna aliyepiga kofi.

Mama Kanga hakupiga yowe. Alipiga magoti akaanza kuyaokota, moja moja.

"Na huko ndani," Bi Sange akauliza, "Mwalimu Mkuu atatibiwa na nani?"

Bwana Chui akainuka, akajinyoosha.

"Kukagua ni kazi yangu," akasema. Akaingia na Fisi, akavuta mlango.

Pu! Kwaru! Kacha, kacha. Kimya.

Alipotoka alikuwa anachokonoa meno kwa ukucha.

"Chumvi hakuna," akasema. "Ila shule ni nzuri. Kuanzia Jumatatu nitafundisha mimi."

Wazazi wakatazamana. Mnafikiri walikimbia? Mnafikiri waliwachukua watoto wao? Mama Kobe akatoa shingo.

"Huyu afadhali," akasema. "Hata kucheka-cheka hacheki."

Wakapiga makofi. Pwa! Pwa! Pwa!

Bi Sange akatema mate chini. Akamshika Mama Kanga mkono, akamwambia, "Inuka, dada, twende. Hapa hawatakuokotea." Akaondoka na Tamimu mbele, anakimbia na kurudi, na Mama Kakakuona nyuma, na mtoto wake amepanda mkia wa mama. Wakahamia ng'ambo ya mto unaopakana na msitu. Huko Tamimu husoma kwa miguu. Mtoto wa Kakakuona husoma amejikunja kivulini, na anayemfundisha humnong'oneza. Mama Kanga ndiye mwalimu wao. Kila neno hulisema mara mbili, na akishalisema mara ya pili hunyamaza kidogo, kama anayesubiri kuitikiwa.

Hadithi yangu imefika ukingoni, miguu yake imechoka. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, mpelekeeni yeyote aliyepiga makofi.

Na mafunzo yake ni haya, yashikeni: mtoto sharti atulie. Asipotulia, usimuulize ana nini, kumuuliza mtoto ni kumdekeza. Mtafutie mkubwa mwenye meno mazuri, mkabidhi, pokea pongezi za majirani, ukalale. Fisi alikuwa mwalimu bora, tatizo lake lilikuwa mto aliokalia tu.

Na wewe unayechezesha mguu hapo nyuma tangu nianze, umesikia yote? Umesikia? Basi simama, uwasimulie hawa waliotulia. Wamelala.