Pai ya Bata Mzinga Mnadani

Kaeni, wapendwa, kaeni vizuri, maana leo nahubiri juu ya kiporo. Krismasi imepita juzi tu, na wengine mmekuja hapa bado mnacheua. Msione haya. Hata mimi asubuhi nimepashiwa wali wa siku ya tatu, nikaula na kushukuru.

Kulikuwa na mama mmoja katika usharika fulani huko milimani. Jina lake silitaji, na usharika wenyewe si huu, kwa hiyo yule aliyekwisha kugeuza shingo kutafuta ni nani, airudishe mbele. Mama huyu alifuga bata mzinga tangu Pasaka. Alimlisha pumba na makombo ya ugali hadi akawa mkubwa wa kutisha, na mkali vilevile. Siku mwinjilisti alipokwenda kuitembelea nyumba ile, aliwaombea akiwa amesimama juu ya benchi, na hakufumba macho. Lakini hakuna aliyethubutu kumgusa ndege yule, kwa sababu kila jirani alijua amefugwa kwa ajili ya nani. Alikuwa wa mama mkwe.

Sasa huyu mama mkwe alikaa mbali, na kwa mwanawe alikuja kwa nadra. Mwaka ule wa kwanza wa ndoa alipokuja, ng'ombe alikuwa hajazaa, akapewa chai ya rangi. Aliinywa, akaaga, akarudi kwao akauambia ukoo mzima kwamba mwanawe ameoa mwanamke mwenye mkono wa birika. Mnajua maneno ya ukoo yanavyotembea. Yalimrudia mkwe kabla ya wiki kuisha, na tangu siku hiyo, miaka tisa, mama yule alitaka kitu kimoja tu: mama mkwe ale nyumbani kwake, ashibe, na alifute lile neno.

Krismasi ikafika, mama mkwe asifike. Mabasi yalijaa. Akatuma ujumbe kwamba atakuja Jumamosi, na Jumapili wataabudu pamoja. Bata mzinga alikuwa amekwisha chinjwa. Wakamla na majirani, baba wa nyumba akapewa firigisi yake kama ilivyo haki, akausimulia ukubwa wake mpaka jioni. Ila kabla chakula hakijapelekwa mezani, mama alikata kidari chote, kizima, akakificha kwenye friji nyuma ya maziwa. Kilichobaki baada ya wageni ni shingo, mgongo, vipapatio, ngozi, na miguu miwili.

Hapo ndipo akakumbuka kwamba Jumapili inayokuja ina mnada. Ninyi mnaujua mnada wetu, pale nje baada ya ibada, ndizi, mayai, jogoo anayewika katikati ya matangazo. Kwenye usharika wao, kama hapa kwetu, Jumapili hii ya baada ya Krismasi akina mama huleta chakula kilichopikwa. Mnunuzi huondoka na chakula pamoja na chombo, chombo hukirudisha Jumapili inayofuata. Na jina la aliyetoa halitajwi, ili mtu asijitafutie sifa. Utaratibu mzuri, sivyo? Shetani naye aliupenda, maana jina lisipotajwa kwa sifa, halitajwi na kwa aibu.

Jumamosi mume alikwenda stendi kumpokea mama yake. Mke akabaki na viporo vyake. Alikuwa ameona kwenye simu jinsi watu wa huko ng'ambo wanavyofanya na bata mzinga aliyebaki sikukuu: nyama inachambuliwa, inachanganywa na karoti, viazi na njegere, inatiwa mchuzi mzito wa maziwa, kisha juu inafunikwa kwa unga wa ngano uliokandwa na siagi, inaokwa hadi ganda liwe la kahawia. Wanaita pai. Akasema hii ndiyo sadaka yangu. Hana oveni, lakini mwanamke wa milimani hashindwi na hilo, mkaa chini ya sufuria na mkaa juu ya kifuniko.

Basi akafungua friji. Akakitazama kidari. Kinene, cheupe, kinatosha pai na kinabaki. Alisimama hapo mpaka baridi ikamfikia miguuni. Halafu akasema peke yake jikoni, na mimi nawaomba mlisikie vizuri neno hili, "Mungu anaangalia moyo. Mama mkwe anaangalia sahani."

Akafunga friji.

Mnacheka. Mimi nilipolisikia neno hilo sikucheka, kwa sababu nililijua. Nimewahi kulisema kwa maneno mengine.

Ndani ya sufuria ikaingia shingo. Ukaingia mgongo, vipapatio, ngozi. Viazi vingi, njegere nyingi, na bado sufuria ikaonekana haijajaa, kwa hiyo ikaingia na miguu, yote miwili, na makucha yake. Lakini ganda lake, wapendwa, mngeliona lile ganda. Kingo alizibana kwa vidole kama ukingo wa mkeka wa bibi harusi. Juu akapaka yai ling'ae, akakata majani ya unga akayapanga kuzunguka, na katikati akaweka nyota ya Bethlehemu. Ilipoiva, yeye mwenyewe karibu asahau kilicho chini yake. Alfajiri akaipeleka kanisani, akaiweka mezani na kuifunika kitambaa, akarudi nyumbani kumwandalia mama mkwe chai ya maziwa matupu.

Ibada ikaisha, watu wakazunguka meza. Mzee wa kanisa aliyekuwa mnadi akapandisha pilau, ikaenda. Akapandisha makande, yakaenda. Akaondoa kile kitambaa, watu wakasogea karibu. Na mama mkwe, aliyesimama mbele kabisa kwa kuwa ni mgeni, akamnong'oneza mwanawe kwamba tangu azaliwe hajaona chakula kilichopambwa vile.

Mwana gani atakisikia hicho asinyooshe mkono? Akanyoosha. Mkewe, kule nyuma na akina mama wenzake, akainua shingo mume amwone. Alijaribu kukohoa. Alijaribu kumkonyeza. Mume akaona mkewe anamkonyeza, akafurahi, akapanda bei. Hapo mke akafanya kitu ambacho usharika ule haujakisahau hadi leo. Akanyoosha mkono, akapanda bei juu ya ile ya mumewe.

Mnadi akadhani anaota. Baba ameongeza, mama ameongeza, nyumba hii ina moto wa Roho. Watu wakaanza kupiga vigelegele. Mume, badala ya kuelewa, akafikiri mkewe anamchochea wampe mama heshima, akapanda tena, huku akitabasamu. Mke akafungua fundo la kanga, akahesabu kwa vidole, akapanda mara ya mwisho akaishiwa. Kwa mara ya kwanza, kwa mara ya pili, kwa mara ya tatu, pai ikaenda kwa baba. Ni nani kati yenu amewahi kupigania sadaka yake mwenyewe isirudi nyumbani?

Sikilizeni kilichofuata, maana ndicho kilichomuumiza zaidi. Njiani kurudi, mama mkwe alimshika mkwewe mkono. Akamwambia, "Mwanangu, niliwahi kukusema vibaya kwetu. Leo nimeona kwa macho yangu jinsi unavyomtolea Mungu. Nikirudi nitalifuta lile neno mbele ya ukoo."

Miaka tisa aliyangoja maneno hayo. Na aliyapata akiwa anatembea nyuma ya mume aliyebeba sufuria.

Mezani akajitetea kadiri alivyoweza. Akaleta kidari kimechomwa vizuri, akasema tuanze na hiki kikiwa cha moto, ile pai tuiweke hata kesho. Mume akakataa. Chakula kilichotoka madhabahuni kinatangulia, na mama ndiye atakayekikata. Mama mkwe akashika kisu, akapiga kelele kidogo ya furaha kwa uzuri wa ile nyota, akakata. Kisu kikagonga mfupa. Akasogeza pembeni, kikagonga mfupa mwingine. Akaingiza mwiko akainua, na kutoka chini ya nyota ya Bethlehemu ukatokeza mguu, na kucha zake nne, umekunjika kama unaomba kitu.

Wote waliutazama ule mguu. Mume ndiye aliyezungumza, maana alikuwa ameaibika mbele ya mama yake. "Ni mwanamke gani huyu anayempa Mungu makucha? Na ana mume ndani ya nyumba? Jumapili ijayo naiinua sufuria hii mbele ya usharika wote, niulize ni ya nani."

Alikuwa ameishika mkononi, asiitambue. Akina baba, mko wangapi hapa mnaozijua sufuria za nyumbani kwenu? Naona. Basi msimcheke.

Mkewe hakugusa chakula. Mama mkwe akasema tusitupe chakula, akagawa mifupa ile kwa zamu, na alipofika mwisho akaiinamisha sufuria amimine mchuzi uliobaki. Hapo akaona kitako chake. Akina mama mnajua ninachosema. Nani anaazima sufuria msibani au harusini bila kuitia alama? Kuna anayepaka rangi ya kucha, kuna anayekwaruza herufi. Hii ilikuwa imekwaruzwa kwa msumari, duara na mistari mitatu. Na aliyeikwaruza ni yeye mwenyewe mama mkwe, miaka tisa iliyopita, asubuhi ya siku aliyoikabidhi kwa mkwewe kama zawadi ya harusi.

Akaiangalia alama ile. Akamwangalia mkwewe. Mkwe akainamisha kichwa, akingoja hukumu, na machozi yakaanza kudondoka kwenye sahani.

Mama mkwe akaiweka sufuria chini, taratibu, kitako kikiwa chini. Akamwambia mwanawe, "Sufuria hii hutaipeleka popote. Nitairudisha mimi."

Mwanawe akamuuliza kama anamjua mwenyewe.

"Namjua," akasema. "Ni mtu mwema. Ila alikuwa na mgeni anayemwogopa kuliko Mungu. Na huyo mgeni ana lake la kutubu, kwa sababu chai ya rangi haijawahi kuua mtu."

Kisha akauvuta ule mguu wenye makucha, akautia kwenye sahani yake, akaanza kuutafuna.

Wapendwa, sisi tukisikia habari hii tunamcheka yule mama. Lakini niambieni, kosa lake lilikuwa kiporo? Hapana. Mungu hana ugomvi na kiporo. Siku ile maelfu waliposhiba kando ya ziwa, mabaki yalikusanywa vikapuni, hayakutupwa. Mama angekuwa na shingo na miguu tu, akaileta bila nyota, akasema Bwana, nyumbani kwangu ndiyo iliyobaki, ingepokelewa. Kosa lilikuwa kwamba kidari kilikuwepo. Kilikuwa nyuma ya maziwa, na yeye alikitazama, akafunga mlango.

Na sisi je? Sisi ambao siku nzima tunakuwa na nguvu, na sala tunaianza tukiwa tumekwisha lala nusu? Sisi tunaompigia mgonjwa simu tukiwa njiani, ili tukifika tuwe na sababu ya kukata? Tunajua sana kupamba ganda. Sala ndefu, vitenge vya sare, sauti nzuri ya kwaya, na chini yake makucha. Tunajiambia ataangalia moyo. Kweli ataangalia. Ndiyo maana tunapaswa kuogopa.

Nami nataka niseme na ninyi wengine, akina mama wakwe wa aina zote, wanaume na wanawake. Kuna watu wanamnyima Mungu kwa sababu yako. Wewe ndiye mgeni anayeogopwa. Ulisema neno moja mwaka fulani juu ya chai ya mtu, ukalisahau, yeye hajalisahau. Kalifute, na usingoje kwanza akulishe kidari.

Basi nimemaliza. Lakini nilipokuwa naingia asubuhi hii, nilipita pale nje penye meza ya mnada. Nimeona sufuria zenu. Zimefunikwa vitambaa vizuri sana, na sikufunua hata moja, Mungu ni shahidi yangu.

Sasa tutasimama tuimbe. Nimemwomba mwalimu wa kwaya achague wimbo wenye beti nyingi, na tutauimba polepole, wote tukiwa tumefumba macho. Mlango wa nyuma uko wazi. Aliye na kitu kwenye friji, nyumbani si mbali.

Na mnada ukianza, mnunuzi wa kwanza ni mimi. Nimekuja na kisu.