Kimashine cha Muuza Dawa

Wapo watu ambao ukiwatuma shambani utawakuta bado dukani. Watalishika jembe hili walipime uzito, waugongegonge mpini, walirudishe, washike lingine, na huku mawingu yanakusanyika na majirani wanapanda. Msiwaite wavivu. Mvivu hulala, nao hawalali, wanachagua. Hao ndio walioimbiwa na wahenga kwamba mchagua jembe si mkulima, na mmoja wao alikuwa Tsubokawa Seiji wa Toyama.

Ukoo wa kina Tsubokawa ulikuwa wa wauza dawa za majumbani, kazi ya kuaminiana. Muuza dawa huacha sanduku lililojaa dawa nyumbani kwa mteja bila kudai kitu, akaenda zake. Mwaka unaofuata hurudi, akatazama kilichotumika, akalipwa hicho tu, kisha akalijaza sanduku upya. Ndiyo maana wenyewe husema kwamba utajiri wa muuza dawa ni nyumba zinazomngoja. Mzee Kanekichi, baba yake Seiji, alikuwa na nyumba zake katika mabonde ya Shinano, ng'ambo ya milima. Alizirithi kwa baba yake, akazitembelea kila majira ya kuchipua, hadi magoti yalipomwambia basi.

Wakati wa baridi mzee akamwita mwanawe, akamkabidhi nyumba zote. "Theluji ikiyeyuka tu, ondoka," alimwambia. "Wakishafungulia maji mashambani waanze kupanda mpunga, hutamkuta mtu nyumbani. Na kule kupanda ndiko kunakowavunja migongo na kuwasokota matumbo. Sanduku liwe limejaa kabla ya hapo."

Seiji aliinamisha kichwa, akapokea kwa adabu. Ila kulikuwa na jambo lililomtia hofu. Mzee alizibeba nyumba zake kichwani: nani ana presha, nani hataki dawa chungu, mbwa wa nani anauma. Seiji alikijua kichwa chake vizuri, hakikuwa na ghala la namna hiyo. Akaamua kununua daftari la kielektroniki, kile kimashine cha kushika mkononi kinachotunza majina, namba za simu, miadi na hesabu. Wauza dawa vijana walikuwa wameanza kutembea navyo mifukoni, na hapo Seiji hakuwa na kosa lolote.

Kosa lilianzia dukani kwa Bwana Horie, karibu na stesheni. Kimashine cha kwanza kilikuwa imara, cha bei nafuu, lakini kiliandika kwa herufi za sauti peke yake. Kwa watu wale jina lina sura yake ya maandishi, mikato na maana, na kumwandika mteja wa miaka mingi kwa sauti tu ni sawa na kumchora bila pua. Seiji akakirudisha kabatini. Cha pili kiliandika majina kwa sura zake kamili, ila kioo chake kilikuwa na kiza, na nyumba za milimani nazo zina kiza chao. Cha tatu kilikuja na kalamu ndogo ya kuandikia juu ya kioo. Hicho alikipenda, akakinunua, akaenda nacho nyumbani. Kumbe kilisoma mwandiko kama kilivyotaka chenyewe, na betri kilizila kama mgeni asiye na haya. Akakirudisha. Bwana Horie alikipokea kwa tabasamu la kibiashara, kisha akamnong'oneza kwamba mwezi wa sita kuna kingine kipya kinakuja, kioo kipana, betri za kudumu. Seiji akaona heri angoje.

Vipeperushi vya matangazo vikajaa juu ya meza ya kulia, hata mkewe, Fumie, akawa hana pa kuweka bakuli la supu. Alimwuliza mumewe kwa upole kama asingeweza kuanza na kimoja, kisha akabadilisha baadaye. Seiji akamjibu kwamba kuyahamisha majina kutoka mashine moja hadi nyingine ni kazi mara mbili. Jibu lilikuwa la akili, na majibu yake yote yalikuwa ya akili.

Mzee Kanekichi alianza kwa utani. "Mama yako mimi nililetewa picha yake moja tu, nikasema ndiyo," alisema. "Wewe mwenzangu mashine umeshaitazama mara ngapi?"

"Ndiyo maana mnagombana mpaka leo, Baba."

Mama mtu akaitikia kutoka jikoni kwamba laiti naye angejua, angengoja toleo jipya. Wakacheka wote, na siku ile ikapita kwa furaha.

Theluji ikayeyuka. Maua ya mcheri yakachanua, yakapukutika. Fumie alimfungashia mumewe begi, akalifungua, akalifungasha tena. Mzee akaacha utani, na aliyemjua mzee angeshtuka kwa hilo peke yake. Asubuhi moja alimkumbusha kwamba Bibi Karasawa wa bonde la juu hushikwa na tumbo kila msimu wa kupanda, na kwamba baada ya mwaka mzima sanduku lake litakuwa limebaki na dawa kidogo sana. Seiji akamwambia asiwe na wasiwasi. Jina la bibi huyo litakuwa la kwanza kuingizwa.

Na kweli likawa la kwanza. Mwezi wa sita kimashine kilifika, na tuseme haki, kilikuwa kizuri. Seiji alikaa na baba yake, mzee akitaja, yeye akibofya, mpaka nyumba zote zikaingia na magonjwa yake na mbwa zake. Kisha akavuka milima, moyo mweupe.

Mabonde aliyakuta ya kijani kibichi. Mpunga ulikuwa umeshika, watu wameinama wanapalilia. Alibisha hodi milango iliyofungwa. Wengine walimpungia mkono kutoka mbali, tope hadi viwikoni, wakarudi kuinama. Katika nyumba chache alizomkuta mtu, alikaribishwa vizuri, lakini pale pa sanduku la baba yake palikuwa na sanduku jekundu la muuza dawa mwingine. Akaanza kuogopa. Akapanda bonde la juu.

Bibi Karasawa alikuwa kwake. "Karibu, Bwana Dawa," alimwambia, akamwekea chai na mboga za kuchachua. Akauliza habari za magoti ya mzee, akayasikitikia. Sanduku jekundu lilikuwa rafuni, nyuma ya bega lake.

Seiji alipolitazama, bibi hakumficha. Tumbo lilimshika katikati ya kupanda. Mkwewe alipofungua sanduku alikuta plasta za mgongo tu, na hospitali ni mbali, na gari lilikuwa bovu. Aliumwa mpaka jasho likamlowesha nguo. Siku ya pili akapita kijana mmoja muuza dawa, akampa dawa, akaomba aache sanduku lake.

"Nilimwambia sisi tuna mtu wetu, anakuja," alisema bibi. "Akaniuliza anakuja lini. Nikamruhusu aliache sanduku."

Seiji alikosa pa kuweka mikono, akakishika kimashine. Bibi akauliza ni kitu gani kile. Akamwonyesha. Bibi akavaa miwani, akaliona jina lake limeandikwa kwa sura yake yote, hata ule mkato mdogo wa juu ambao watu wengi huusahau. Akafurahi waziwazi.

"Na hapa chini panasemaje? Macho yangu hayafiki."

Seiji akasoma kwa sauti ndogo. "Tumbo. Humshika msimu wa kupanda. Ajaziwe mapema."

Bibi akavua miwani. "Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua, Bibi."

"Mimi nilidhani hukuambiwa," alisema taratibu. "Nilikuwa nimeshakusamehe kwa hilo."

Seiji aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Aibu ilimpanda hadi masikioni, akatamani bibi amkaripie, lakini bibi hakumkaripia. Alikwenda chumba cha ndani, akarudi na sanduku la kale la kina Tsubokawa, limepanguswa vumbi, limefungwa vizuri katika kitambaa. Akalikabidhi kwa mikono miwili, na salamu nyingi kwa mzee.

Nyumbani, Mzee Kanekichi alilipokea kwa mikono miwili vilevile. "Bibi hajambo?" aliuliza.

"Hajambo, Baba. Sasa ana mtu mwingine."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Akalipakata sanduku, akaufungua mfuniko wake, akaufunga. Habari za mashine hakuuliza. Mashine ilikuwa nzuri, na hakuna aliyebisha, ila nyumba za mabondeni zilimwendea aliyefika, kwa kuwa mchagua jembe si mkulima.